Simu Sikioni mwa Mama

Mdogo wangu Kwaku Gyamera alinipigia simu akaniambia mama yetu ni mgonjwa na ananiita kwa jina, na wakati huo mama alikuwa amekwisha kufa na yuko mochwari. Nilimwamini. Nikatoka Marekani kabla kibali changu cha kusafiri hakijafika, na mlango ukafungwa nyuma yangu. Hilo ndilo alilonitendea. Watu wa ukoo wetu hupenda kulizungusha. Wanasema ni mila, wanasema ni bahati mbaya, wanasema Mungu ana mipango yake. Mimi nalisema kama lilivyo.

Naitwa Abena Frema. Nimezaliwa Effiduase, mji wa Waasante karibu na Kumasi, mtoto wa kwanza wa Yaa Dufie, aliyekuwa akiuza ndizi za kuchemsha na mchuzi wa majani ya magimbi karibu na stendi. Mimi nilimenya ndizi. Kwaku alikwenda shule. Hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo. Asubuhi moja yeye alivalishwa sare na mimi nikapewa kisu. Sikulia. Jioni nilimbeba mgongoni kumrudisha nyumbani, ingawa miguu yake ilikuwa mirefu na ikinigonga magotini, na njiani alinisomea maneno ya kwenye mabango ya maduka. Mpaka leo mabango yale nayajua kwa kumbukumbu tu.

Nilijifunza kusuka. Nilisuka Effiduase, nikasuka Kumasi, kisha nikaenda Marekani na kwaya ya kanisa iliyoalikwa kuimba. Kwaya ilirudi, mimi sikurudi. Nikapata kiti kwenye saluni ya Mama Atta, pale Bronx, chini ya reli ya gari-moshi la juu. Gari likipita tunanyamaza wote, likishapita tunaendelea na neno tuliloachia. Nimesuka pale mpaka vidole vikapinda. Nikaolewa na Boadum, mtu wa Mampong, ambaye ana uraia na anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Si mtu wa maneno mengi. Tukapata mtoto mmoja wa kike, Konama.

Boadum ndiye aliyeniombea kadi ya kijani, ile ya ukaaji. Alichelewa, lakini aliomba. Wakili wetu alikuwa mama wa Kijamaika, mnene, anayekula karanga huku akisoma karatasi za watu. Siku ya kwanza alinitazama juu ya miwani.

"Mama Konama, umeingia vizuri, lakini umekaa miaka mingi bila karatasi. Sasa maombi yako yamo ndani. Yakiwa ndani, na wewe uko ndani. Sawa?"

"Sawa."

"Usitoke. Kanada usiitazame hata kwenye ramani. Ukitoka kabla ya kibali cha kusafiri, maombi umeyatupa, na kwa miaka yako ile bila karatasi wanakufungia mlango miaka kumi mingine. Mtu akikuambia mwingine alitoka akarudi, mwambie huyo mwingine hakuwa wewe."

Kibali cha kusafiri tulikiomba pamoja na kadi ya kazi. Kadi ya kazi ikaja kwanza. Mama Atta aliibusu, akaipitisha kwenye vichwa vya wateja kama maji ya baraka. Kibali kilikuwa bado.

Haya yote Kwaku aliyajua. Nilimweleza zaidi ya mara moja, kwa sababu kila alipopiga simu aliuliza nitarudi lini kumalizia nyumba ya mama.

"Kwa hiyo Wamarekani wamekufunga kamba kama mbuzi, dada?"

"Wamenifunga. Kamba yenyewe ndefu, ila inaishia uwanja wa ndege."

Alicheka sana. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu kinanionyesha kwamba alisikia.

Mama nilikuwa nikiongea naye kila Jumapili baada ya kanisa. Jumapili moja, mwezi wa pili, barafu ikiwa imeganda barabarani, simu yake haikupatikana. Nikampigia Kwaku. Akasema simu ya mama imetumbukia kwenye ndoo ya maji, wataitengeneza. Siku chache baadaye akapiga mwenyewe, nikiwa saluni, mikono yangu imo kwenye kichwa cha mteja.

"Dada, mama hayuko vizuri."

"Hayuko vizuri vipi?"

"Yuko kitandani. Hasemi vizuri. Neno lake ni moja tu, Frema, Frema. Anakuita wewe. Njoo, dada."

Nilimwachia Mama Atta kile kichwa nikaenda kusimama nyuma, kwenye masinki ya kuoshea nywele. Nikamwambia Kwaku, sikiliza. Wakili alishaniambia, kwa jambo kama hili kuna kibali cha dharura. Nipate barua ya hospitali yenye jina la mama na muhuri, nakwenda nayo na wakili ofisi ya uhamiaji. Si hakika, lakini wengine wamepewa.

"Barua?"

"Barua. Daktari aandike mistari miwili tu."

"Mama anakuita wewe unataka barua? Utamsomea?"

Aliniambia hivyo akijua kwamba sisomi.

"Kwaku, yuko hospitali gani?"

"Tumemrudisha nyumbani. Hospitali wamesema tukae naye."

"Basi waliosema hivyo waandike hivyo."

"Dada, usinihoji kama polisi. Ukitaka kumkuta anapumua, njoo. Usipotaka, sema, nimwambie."

Nikalia pale, maji ya sinki yakidondoka. Kisha nikasema, mwekee simu sikioni.

"Hawezi kujibu."

"Asijibu. Mwekee."

"Haya. Nimeiweka. Sema."

Nikasema na mama yangu. Nilisema kwa muda mrefu. Mengine nitayataja: nilimwambia kwamba Konama ana vidole vya miguu vyake, kile cha pili kirefu kuliko cha kwanza. Nilimwambia anisubiri. Mengine sitayataja, yalikuwa yake. Yalikuwa mambo ambayo sikuwahi kumwambia tangu siku nilipopewa kile kisu, na nilikuwa nayatunza nikijua kwamba siku moja tutakaa, yeye na mimi, niyaseme. Ndiyo nikayasema pale, kwenye masinki. Upande wa pili nilisikia cherehani ikienda, ikisimama, ikienda. Nikafikiri jirani anashona.

Niliporudi kwenye kiti changu wanawake wote walikuwa wamesikia. Saluni haina ukuta.

"Nenda," alisema mteja wangu, nusu ya kichwa chake kikiwa kimesukwa. "Kadi inaombwa tena. Mama haombwi tena."

"Wewe nyamaza, kadi unayo," Mama Atta akamjibu. "Frema, ngoja kibali. Mwezi huu au ujao kitakuja."

Araba akaingilia. Araba ni Mfante, mtu wa pwani ya kwetu, mdomo wake hauna breki. "Mimi nawajua nyinyi Waasante. Mnapenda maiti kuliko mgonjwa. Mkisema anaumwa ameshakufa, mkisema ameshakufa mmeshachapa mabango ya msiba. Shoga, muulize huyo kaka yako vizuri."

"Si kaka, ni mdogo wangu."

"Basi ni mwongo mdogo."

Walicheka, na mimi pia nilicheka kidogo. Sisi sote tulijua anasema nini. Kwetu mtu aliye mbali hapewi habari ya kifo kwenye simu. Anaambiwa fulani anaumwa, njoo. Akifika anakalishwa, anapewa maji, ndipo wazee wanamwambia taratibu. Nimezaliwa nikaikuta hiyo. Ningeambiwa tu "mama anaumwa", ningejiuliza, ningempigia mtu mwingine, ningengoja. Lakini nilimjibu Araba:

"Nimesema naye sasa hivi. Simu ilikuwa sikioni kwake."

Araba akarudi kwenye kichwa alichokuwa akisuka.

Baadaye nilikuja kujua kwamba watu wa Effiduase waliopo Bronx walikuwa wamepelekewa tangazo la msiba kwenye simu zao, na wameombwa wasinionyeshe. Hawakunionyesha. Mmoja wao alinitazama dukani nikinunua viazi vikuu, akanisalimu, akaniuliza habari za nyumbani.

Boadum hakupiga kelele. Alikaa kitandani na viatu vyake vya kazini.

"Frema, ukienda hurudi."

"Najua."

"Hujui. Unasema tu unajua."

"Boadum, mama yangu ananiita."

"Na huyu?" Alionyesha chumba cha pili, Konama alikokuwa akitazama katuni. "Huyu hakuiti?"

Nilimwambia kwamba Konama ana baba yake na ana miaka mingi mbele, mama yangu ana pumzi moja. Nilimwambia wakili atapata njia. Nilipima mambo mawili, nikachagua kumwona mama akiwa hai. Nilijua ninachotoa. Hili ndilo watu hawalielewi wanaponiambia nilidanganyika kwa sababu sikusoma. Sikudanganyika kuhusu karatasi. Karatasi nilizielewa vizuri kabisa. Nilizitoa, ili nipate kitu, na hicho kitu hakikuwepo.

Siku ya mwisho nilimsuka Konama misuko midogo midogo, ya kubana, ile inayodumu.

"Unabana sana, mama."

"Nabana ikae mpaka nirudi."

"Utarudi lini?"

"Geuza kichwa."

Uwanja wa ndege hakuna aliyenizuia. Hili lilinishangaza. Miaka yote nilidhani kutoka ndiko kutakuwa na walinzi. Binti alitazama pasipoti yangu, akanitakia safari njema, nikapita.

Nilifika Effiduase mchana. Dereva alipokata kona ya kwetu niliona nyumba ya mama imepakwa rangi mpya, njano, na mafundi wako juu ya baraza wanaezeka. Nyumba ya mwanamke mzee kwetu haipakwi rangi akiwa mgonjwa. Nikamwambia dereva asimame. Nilikaa ndani ya gari, nikatazama rangi. Sikuhisi kitu. Nimekuwa nikingoja kuhisi tangu siku hiyo.

Wazee walikuwa wamekaa kwa mstari chini ya turubai. Nilipeana mikono kuanzia kulia, kama inavyotakiwa. Nikakalishwa. Nikapewa maji, nikanywa, nikamwaga yaliyobaki chini. Mzee Kusi, mkuu wa ukoo, akaniuliza habari za njiani. Nikasema njiani kwema, nimekuja kumwona mama kwa sababu ananiita. Nilisema vile vile, mbele yao wote, na hakuna aliyeinua macho. Kisha Mzee Kusi akasafisha koo na kuanza kuzunguka, maji yamefanya hivi, mto umefanya vile.

"Lini?" nikamkata. Mzee wa ukoo hakatwi kauli.

Bibi Pokuaa, dada mkubwa wa mama, ndiye aliyejibu. "Tumeshakaa siku ya nane ya msiba wake, juma lililopita, mwanangu."

Nikahesabu kurudi nyuma, polepole, kwa vidole, kama ninavyohesabu misuko. Siku niliyosimama kwenye masinki mama alikuwa ana karibu wiki mochwari.

"Mazishi lini?"

"Baada ya Pasaka," Kwaku akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua kinywa. Alikuwa na kitambaa chekundu kichwani, amenenepa. "Baraza liishe, na watu wa nje wapate nafasi. Pole, dada."

Baada ya Pasaka. Kwa hiyo hakukuwa na haraka. Mama alikuwa ananingoja kweli, tena kwa utulivu, na angeweza kuningoja mpaka kibali kije.

Nikavaa nyeusi na nyekundu, nikakaa na wanawake. Watu walikuja kunipa pole, nikawapokea. Nilipika, nilikosha, nilihesabu viti vya kukodi. Usiku nililala kwenye kitanda cha mama na kila asubuhi nilikitandika kama ni cha mgeni. Niliongea na Konama kwenye simu na kumwonyesha kuku. Boadum nilimwambia ukweli siku ya pili. Akasema neno moja, "Aa." Hakuniambia si nilikwambia. Ningependa angeniambia.

Wiki ya Pasaka Boadum akapiga.

"Frema. Imekuja."

"Nini?"

"Bahasha. Kibali."

Nilikuwa nachambua majani ya magimbi. Niliendelea kuchambua.

"Umempelekea wakili?"

"Nimetoka kwake sasa hivi. Anasema kinamfaa aliyekuwa ndani kilipotoka. Wewe ulikuwa nje. Anasema..." Nikamsikia akivuta pumzi. "Anauliza kwa nini hukumpelekea cheti cha kifo. Anasema hata cheti cha kifo kingefaa kwa ile dharura. Si lazima mgonjwa. Hata maiti."

Mama yangu alikuwa bado hajazikwa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi Pokuaa nikaomba kikao. Mwanamke wa kwetu akiomba kikao kabla ya mazishi anaonekana ana jini, lakini Bibi Pokuaa alinitazama usoni akatuma watu waitwe. Tukakaa uani: Mzee Kusi, Bibi Pokuaa, wazee wengine wawili, Kwaku na mimi. Nikasema habari yangu kama nilivyoisema hapa.

Kwaku akasimama. Anajua kuongea, alipelekwa kujifunza.

"Wazee wangu, mmenilea. Ningemtangazia dada yangu kifo cha mama kwenye simu, kama mtu anayetangaza bei ya nyanya? Angeanguka kwenye barafu ya watu, nani angemwokota? Nilifanya kama baba zetu walivyofanya. Nilisema mama anaumwa. Mtu gani hapa hajawahi kusema hivyo?"

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Kweli, wote walikuwa wamesema.

"Nilikwambia kuhusu kibali," nikasema. "Nilikwambia kamba inaishia uwanja wa ndege. Ulicheka."

"Dada, hayo ni mambo ya wazungu. Leo kibali, kesho wanabadilisha. Mazishi ya Yaa Dufie bila binti yake mkubwa! Watu wangesema nini? Wangesema umetutupa."

"Ningekuja. Kibali kimekuja, na mama bado yuko mochwari. Ningekuja, na ningerudi kwa mwanangu."

"Ningejuaje?"

"Ungejua kwa kuniambia amekufa."

Mzee mmoja akasema, "Binti, ndugu yako hakukosea njia. Njia ndiyo mbaya mwaka huu." Wengine wakacheka kidogo, ili kupunguza moto.

Bibi Pokuaa hakucheka. Alikuwa ameegemea fimbo yake, jicho moja lina mtoto wa jicho. "Kwaku. Ile simu."

"Simu gani, mama mkubwa?"

"Dada yako anasema uliweka simu sikioni mwa mama. Sikio la nani?"

Kwaku akatazama chini. Mafundi juu ya baraza waliacha kugonga, au labda nadhani tu waliacha.

"Wewe ni mjomba wa mtu, kujibu hujui? Sikio la nani?"

"Si la mtu."

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa fundi nguo. Nilikuwa naagiza vitambaa vya siku ya nane. Dada alikazana, mwekee, mwekee. Ningefanyaje? Niliiweka mezani."

"Mezani."

"Mezani, mama mkubwa. Karibu na cherehani."

Basi ndiyo ile cherehani.

Bibi Pokuaa akamgeukia Mzee Kusi. "Kusema anaumwa, hiyo ni mila, hata mimi nimesema. Kumsemesha mtu na maiti ambayo hata haipo, hiyo sijaikuta. Hiyo ameileta mwenyewe."

Waliinuka wakaenda kunong'ona nyuma ya jiko. Waliporudi wakaamua kwamba Kwaku anipoze moyo kwa kuku, mayai na chupa ya pombe kali, na kwamba mazishi yaendelee bila kisirani. Akaleta siku ile ile. Mayai yalikuwa kwenye trei ya dukani, bado yana karatasi ya bei. Sikuyapokea. Sikuyakataa kwa maneno pia. Nilinyanyuka nikaenda kumalizia majani, na trei ikakaa pale kwenye benchi mpaka watoto wakaichukua.

Mama tukamzika. Asubuhi alilazwa sebuleni kwenye kitambaa cheupe cha nakshi na dhahabu za kukodi, na watu wakapita kumtazama. Nilisimama kichwani kwake kama binti mkubwa anavyosimama. Wengine walitazama uso. Mimi nilitazama sikio. Walikuwa wameliziba kwa pamba, na juu ya pamba hereni. Konama alinitaka nimpelekee picha ya bibi, nikapiga, nikaifuta.

Sasa ninasuka pale pale karibu na stendi, mahali mama alipouzia ndizi. Wateja wapo. Wananiita Mama Amerika na mimi naitika. Wakili anasema kuna njia ya kuomba msamaha kutoka huku, Boadum aonyeshe kwamba bila mimi anaumia. Boadum si mtu wa kuonyesha. Ameomba hata hivyo. Hawajajibu. Konama nywele zake zimekatwa. Misuko yangu ilipolegea baba yake hakujua kuifumua, akachukua mkasi. Anapendeza. Kiasante chake kinapungua, anajibu kwa Kiingereza, na mimi nadaka neno moja moja. Siku hizi nikipiga hupokea, kisha huiacha simu mezani ikitazama dari, aendelee na mambo yake. Naongea. Naona taa ya dari na ufa ulio karibu nayo, ufa ninaoujua. Namwambia nimekula nini. Mara nyingine kwa mbali anasema "mm".

Kwaku tunapishana kanisani. Yeye ni mjomba wa mwanangu, hilo halifutiki, na kwenye shughuli za ukoo tunakaa benchi moja. Amewahi kuniambia, "Dada, mpaka lini?" Nikamwambia sijui, muulize mwenye cherehani. Hakupenda.

Kadi ya kijani simdai. Nilitoa mwenyewe. Miaka ya Konama hana uwezo wa kuirudisha, hata akitaka. Kuku na mayai sikuvitaka. Ninachomdai ni kimoja, na Bibi Pokuaa kabla hajafa alikubali kwamba namdai kihalali.

Maneno niliyomwambia mama siku ile hayakumfika. Nimejaribu kwenda makaburini kuyasema. Nasimama, nasema Yaa Dufie, ni mimi, na hapo nakwama, kwa sababu niliyasema kwa mtu aliye hai, na kwa maiti hayatoki. Hayako kwangu tena. Yalipita kwenye simu ya Kwaku, yakaishia mezani alipoiweka. Kwa hiyo ayapeleke yeye. Aende kaburini na chupa, amwage chini kama mtu mzima, wazee wakiwa wamesimama, amwambie mama yale binti yake aliyomtuma. Kama aliyasikiliza, ayaseme yote. Kama hakuyasikiliza, amwambie mama, "Frema alikuletea maneno, nami nikayaacha kwa fundi nguo."

Nimemwambia hivyo mbele ya Mzee Kusi. Kwaku alisema sawa, atakwenda. Kaburi liko nyuma ya shule aliyosomea, anapita hapo kila siku akienda kazini. Bado hajaenda.